Mlango wa Kurudi Nyumbani: Tathmini ya Kituo cha Ushauri Wilayani Kasese

Kituo ninachokitathmini hapa kinahudumia watu wa aina mbili ambao nchini Uganda hawana mahali pengi pa kukimbilia: familia ambazo mtoto wao amevuka mpaka akajiunga na kundi linalopigana kwa jina la dini, na watu waliotoka katika makundi hayo wakitaka kuishi tena kama raia wengine. Kiko wilayani Kasese. Jina lake na mtaa kilipo sitaviandika, kwa sababu wanaohudumiwa pale wanatafutwa kutoka pande mbili, na wale waliowatoroka msituni na wale waliofiwa huku nyumbani. Anayekihitaji ataelekezwa na maimamu au wenyeviti wa vijiji wa huko. Mimi nilikifahamu kwa kumsindikiza jirani yangu, mama wa makamo, ambaye kijana wake aliaga akisema amepata kazi ya kupasua mbao upande wa Kongo, kisha kwa muda mrefu hakusikika. Tangu hapo nimekuwa nikirudi pale na kuiona kazi yao kwa karibu. Ninaandika kwa ajili ya familia nyingine zilizo katika hali hiyo, na pia kwa wale wenye uwezo wa kukisaidia kituo kirekebishe kasoro zake, kwa maana kasoro zipo na baadhi yake ni kubwa.

Msomaji asiye wa magharibi mwa Uganda anahitaji kujua kwanza kwa nini huduma ya namna hii iwe Kasese. Kundi la waasi la ADF (Allied Democratic Forces) lilishambulia Mpondwe, mji wa wilaya hii ulio mpakani na Kongo, mwezi Novemba 1996, chini ya uongozi wa Jamil Mukulu, mtu aliyetokea katika harakati za vijana wa Tabligh, wahubiri wa Kiislamu, wa Kampala. Mwezi Juni 1998 wapiganaji wake waliwachoma moto wanafunzi wapatao 80 katika Chuo cha Ufundi cha Kichwamba. Jeshi lililisukuma kundi hilo ng'ambo ya milima ya Rwenzori, nalo likaota mizizi katika misitu ya Beni, mashariki mwa Kongo. Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015, na Musa Baluku aliyeshika uongozi baada yake akaliunganisha kundi na lile linalojiita Dola la Kiislamu, ambalo tangu mwaka 2019 hudai mashambulizi ya ADF kuwa ni yake. Mabomu ya Kampala ya tarehe 16 Novemba 2021 na mauaji ya Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ambamo zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, yalitoka katika mkono huohuo. Kwa hiyo anayeondoka huku kwenda kwa Baluku anavuka mto Lhubiriha kama wavukavyo wachuuzi kila siku, na akirudi na bunduki anarudi kwa majirani zake. Swali la namna ya kumpokea aliyetupa bunduki hiyo linaulizwa hapa kwetu sokoni, msikitini na kanisani, na watu wanaolijibu wanafahamiana kwa majina.

Kwa nje kituo ni nyumba ya kawaida ya matofali yenye baraza, na kibao chake kinatangaza ushonaji tu. Uamuzi huo ni wa busara sana. Mama anayeingia pale akiwa na sare ya shule iliyochanika hana haja ya kumweleza mtu yeyote njiani anakwenda wapi, na sare hiyo hushonwa kweli, kwa bei ya kawaida, wakati yeye anazungumza na mshauri katika chumba cha nyuma. Siku tuliyokwenda kwa mara ya kwanza jirani yangu alibeba mashati ya marehemu mumewe yaliyokatika vifungo. Mshauri, mama wa Kikonzo anayesema Kiswahili cha mpakani, alimkaribisha kwa chai ya maziwa na kumwacha atulie, na alipoanza kuuliza hakuuliza kijana yuko wapi wala aliondoka na nani. Alisema, "Mama, pole sana. Mara ya mwisho ulipoisikia sauti yake, alikuwa mzima?" Nimewahi kuwaona maofisa wa mahali pengine wakianza na majina, tarehe na namba za simu, na mzazi akanyamaza papo hapo kwa kuhofu kwamba anamshtaki mwanawe. Pale jirani yangu alizungumza hadi chai ikapoa.

Kazi bora ya kituo hiki hufanyika katika chumba hicho. Mzazi anafundishwa namna ya kuipokea simu itakapokuja, kwa kuwa mara nyingi huja usiku, kwa namba ya Kongo, na hudumu dakika chache. Anaambiwa asibishane juu ya dini, asiulize kambi iko wapi, na asiahidi jambo lisilo mikononi mwake, kama vile kwamba kijana hatakamatwa. Azungumzie nyumbani: nani ameoa, kahawa imechumwa kiasi gani, nyanya yake anamwulizia. Kisha aseme, kwa maneno machache aliyoyachagua mwenyewe, kwamba akirudi atapokelewa na kuna watu watakaomsindikiza mbele ya wakubwa. Mshauri hushika simu isiyo na laini na kuigiza sauti ya kijana, naye mama hujibu, na zoezi hurudiwa mpaka maneno yatoke bila kukwama. Jirani yangu alishindwa kuyasema kwa Kiswahili. Aliyasema kwa Lukhonzo, lugha ya Wakonzo, na mshauri akamwambia aendelee kwa lugha hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo ambayo mwanawe aliitwa nayo utotoni. Sijaona katika huduma nyingine yoyote mzazi akichukuliwa kwa uzito kiasi hiki. Anayeondoka hukata uhusiano na mwalimu, na rafiki na hata na imamu, lakini mama ndiye ambaye wengi wao humpigia simu, na jamii inayomtisha mama inajifungia njia yake yenyewe ya kumfikia kijana.

Pale pale mzazi anaelezwa pia kwamba kumtumia kijana pesa kwa simu akiwa huko kunaweza kumwingiza mzazi mwenyewe katika kosa la kufadhili ugaidi, chini ya Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya mwaka 2002. Ni habari ngumu kumpa mtu siku ya kwanza, lakini ninakubaliana nao kwamba isicheleweshwe.

Kuhusu mafunzo ya dini, kituo kimefanya uamuzi ambao baadhi ya wafadhili hawaupendi, nao ni kutomweka kila aliyerudi katika darasa la kurekebishwa imani. Wengi wa waliopitia pale waliondoka kwa kudanganywa. Waliahidiwa kazi, masomo ya nje, ndoa au duka, wakajikuta msituni wamenyang'anywa simu na kupewa majina mapya. Mtu wa namna hiyo akikalishwa majuma mengi kufundishwa ubaya wa itikadi ambayo hakuwahi kuiamini, anatukanwa na anapotezewa muda. Mahojiano ya mwanzo hufanywa kwa utaratibu ili kuwatenganisha hao na wale ambao kweli walishika mafundisho, na hao wa pili hukutana na shehe mzee ambaye ninamheshimu sana kwa jinsi anavyofanya kazi yake. Hahubiri. Humtaka kijana aeleze alivyofundishwa kambini, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kumkatiza, hata kama maelezo yatafika alasiri. Baada ya hapo ndipo anapoingia katika mambo mahususi: nani ana mamlaka ya kumwita Mwislamu mwenzake kafiri, hijra, yaani kuhama kwa ajili ya dini, ina masharti gani kwa mtu anayeswali msikitini bila kuzuiwa na yeyote, na kiapo cha utii kwa kiongozi kina uzito gani kikitolewa kwa kushikiwa panga. Nilimsikia akimsimulia kijana mmoja habari ya mtu aliyemwendea Mtume, sala na amani zimshukie, kuomba ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wangali hai, na alipojibu kwamba wako hai akaambiwa jihadi yake iwe kwao. Kijana alisema kwamba habari hiyo hakuwahi kuisikia kambini. Shehe hakuongeza neno. Alimpa kitabu akaisome mwenyewe na warudi kuizungumza.

Ninaona uamuzi huu ni sahihi pia kwa sababu ya yaliyotokea kwingine. Ufaransa ilifungua kituo chake cha kwanza cha namna hii huko Pontourny mwezi Septemba 2016. Waliokubali kuingia kwa hiari hawakufika hata nusu ya nafasi 25, majirani walipinga, na haikutimia hata mwaka kabla hakijafungwa mwezi Julai 2017. Kijana alivalishwa sare na kufundishwa uzalendo mbele ya bendera katika jumba la mashambani, mbali na mama yake, mbali na msikiti aliokulia na mbali na kazi ambayo angeifanya akitoka. Mji wa Aarhus nchini Denmark ulipita njia nyingine. Baada ya vijana wapatao 30 kuondoka kwenda Syria, polisi na halmashauri ya mji walikaa na wazazi na viongozi wa msikiti ambao wengi wa vijana hao walikuwa wakiswali, wakawapa waliorudi washauri wa kuwasaidia katika masomo na kazi, huku wenye tuhuma za uhalifu wakichunguzwa kama kawaida, na mwaka 2014 waliondoka wachache mno. Kasese haina fedha za Denmark. Ina, hata hivyo, mashehe wanaojulikana na familia zinazokaa pamoja, na kituo hiki kimejengwa juu ya hivyo.

Sheria inayokiwezesha kufanya kazi ni Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, ambayo viongozi wa dini wa Acholi waliipigania wakati vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, vikiwateketeza watu wa kaskazini, na ambayo zaidi ya watu 26,000 wamekwisha kuitumia. Kifungu chake ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachoeleza mahali pa kujisalimisha. Mwasi anaweza kwenda katika kambi ya jeshi au kituo cha polisi, lakini pia kwa chifu, kwa kiongozi wa serikali ya mtaa, kwa hakimu au kwa kiongozi wa dini wa mahali pale. Waliotunga maneno hayo walielewa kwamba mtu aliyetoka msituni usiku anaogopa lango la kambi kuliko anavyoogopa nyumba ya imamu. Kituo hutumia kifungu hicho ipasavyo: mtu hupokelewa na imamu pamoja na mwenyekiti wa kijiji, maandishi hutiwa saini mbele ya wote wawili siku hiyo hiyo, na ndipo vyombo vya usalama hupewa taarifa. Karatasi hiyo moja, ikiwa na tarehe na majina ya mashahidi, imewaepusha watu kutoweka mikononi mwa walinzi bila yeyote kujua walikuja kwa hiari yao. Kasoro ninayoiona hapa ni kwamba wenyeviti wengi wa vijiji hawakijui kifungu hicho kabisa. Kituo kimewaelimisha wa karibu na barabara kuu, lakini vijiji vya mlimani, ambako wanaotoroka hupita kwanza, havijafikiwa.

Sheria yenyewe haijakaa imara. Mwezi Mei 2012 sehemu inayotoa msamaha iliachwa ikaisha muda, ikarudishwa mwaka uliofuata, na tangu hapo imekuwa ikiishi kwa kuongezewa muda. Anayetafakari kutoroka katika kambi ambako adhabu ya kutoroka ni kifo anahitaji kujua bila shaka yoyote kwamba mlango aliousikia redioni mwaka jana bado uko wazi mwaka huu. Tena msamaha huo unahusu uasi wa kutumia silaha dhidi ya serikali ya Uganda. Maneno hayo yanamfaa aliyekuwa ADF. Aliyekwenda Somalia kwa Al-Shabaab, kundi lililowaua zaidi ya watu 70 Kampala tarehe 11 Julai 2010, au aliyekwenda Syria, anabaki nje ya maneno hayo au pembezoni mwake, na nilipouliza kituoni wangemfanyia nini niliona wazi kwamba hawana jibu lililoandaliwa. Mshauri alisema wangempokea kwanza kisha wamtafutie wakili. Nia ni njema, lakini mzazi wa kijana aliye Somalia anastahili zaidi ya nia. Bunge ndilo lenye wajibu wa kuziba pengo hili, na linapaswa kuliziba kwa sheria ya kudumu inayosema nani anaweza kusamehewa, nani atashtakiwa, na nani anaamua kati ya hayo mawili.

Jirani zetu wametuonyesha athari ya mlango usioaminika. Mwezi Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilitangaza msamaha wa siku chache kwa vijana waliokwenda Somalia, bila sheria mahususi ya kuwalinda watakaojitokeza. Wapo waliojitokeza, lakini wengi walijificha, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za waliorejea ambao baadaye waliuawa au walitoweka. Habari kama hizo zikifika kambini mara moja, hakuna tangazo la redio linaloweza kuzifuta.

Watoto ndio wanaoniumiza moyo zaidi pale kituoni. Kuna waliozaliwa msituni, wanaosema Kiswahili cha kambini kuliko lugha ya nyanya zao, na ambao hawakufanya kosa lolote. Nilikaa karibu na mvulana aliyekuwa akiandikishwa. Alipoulizwa jina la baba alitaja jina la vitani, na alipoulizwa jina jingine la baba alimtazama mama yake, naye mama akatikisa kichwa kwa kuwa hakuwahi kuambiwa. Fomu ya usajili wa kuzaliwa inataka jina hilo. Bila usajili hakuna namba ya utambulisho wa taifa, na bila namba hiyo mtoto hupata taabu tangu kuandikishwa shuleni hadi mitihani na matibabu. Kituo humwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba mtoto akae darasani wakati karatasi zinashughulikiwa, na walimu wengi hukubali, jambo linalowapa heshima kubwa. Lakini barua si cheti. Ingefaa kituo kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia usajili huu peke yake, kwani sasa mshauri huyo huyo anayefundisha wazazi ndiye anayepanga foleni kwenye ofisi za wilaya, na siku anayokuwa huko chumba cha nyuma kimefungwa. Nimemwona mama mmoja akirudi nyumbani na sare yake iliyoshonwa bila kumpata mtu wa kuzungumza naye, na nikajiuliza kama angepata tena ujasiri wa kuja.

Sehemu ya ufundi ni dhaifu kuliko zote na sitaizungumzia sana. Wanafundisha ushonaji na utengenezaji wa pikipiki. Makenika wanapata kazi, kwa sababu boda boda ni nyingi na barabara ni mbaya. Washonaji hawapati, maana mji mdogo umekwisha kujaa mafundi cherehani na nguo za mitumba zinauzwa kwa bei ambayo fundi hawezi kushindana nayo. Wanawake wote wanapelekwa kwenye ushonaji bila kuulizwa wanataka nini, ilhali wapo waliofanya biashara ya kahawa na vitenge kabla ya kuondoka. Fungu la serikali kwa aliyesamehewa, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa shilingi 263,000 pamoja na godoro, blanketi, sufuria, jembe na mbegu, humsaidia mtu kuanza kulala na kupika. Mtaji wa kazi linashindwa kuwa, hasa kwa mtu asiye na shamba la kutumia hilo jembe.

Jambo lenye uzito mkubwa zaidi ni majirani. Katika mkutano ambao kituo kiliuitisha kwenye ukumbi wa gomborora (kaunti ndogo), mzee mmoja ambaye mjukuu wake aliuawa na waasi alisimama, akamwonyesha kwa mkono kijana aliyekuwa amekaa na mshauri, akasema, "Huyu mmempa cherehani. Mimi niliyezika nilipewa nini?" Ukumbi ulinyamaza. Mkuu wa kituo alijibu kwa maneno marefu kuhusu umuhimu wa kusamehe, na kwa maoni yangu jibu hilo lilikuwa baya, ingawa lilitolewa kwa adabu. Mzee hakuwa amekataa kusamehe. Alikuwa ameuliza kuhusu haki, na aliuliza kwa niaba ya watu wengi mle ndani. Kijana aliyerudi anapewa mshauri, mafunzo, chakula cha mchana na mtu wa kumsindikiza ofisini. Mzazi aliyefiwa anapewa rambirambi, kisha msiba ukipita analazimika kupishana na kijana huyo kisimani. Msamaha unaoombwa kutoka kwa upande mmoja huku huduma zote zikienda upande mwingine hauwezi kudumu, na wanaoliona hilo wasiitwe watu wenye chuki.

Ninakipongeza kituo kwa kuwa hakikuliacha swali la mzee lipite. Baada ya mkutano huo walianza kuwaandikisha vijana wa familia zilizofiwa katika darasa la makenika, na mshauri akaanza kuzitembelea familia hizo majumbani, akinywa chai kwao kama anavyonywa na wazazi wa walioondoka. Bado wanawafundisha kwa siku tofauti, na kwa sasa ninaona ni sawa, kwa kuwa anayekimbilia kuwakalisha watu hawa benchi moja anataka picha ya kumpelekea mfadhili. Kuna jambo jingine ambalo kituo kingeweza kulifanya na hakijalifanya. Zipo familia za hapa ambazo watoto wao walitekwa, na hazijui kama wako hai. Waliorudi wameishi katika kambi hizo. Wamewaona waliotekwa, wanajua nani alihamishwa, nani aliumwa, nani alizikwa na wapi. Habari hizo zinachukuliwa na vyombo vya usalama kwa shughuli zao, lakini mama anayesubiri haambiwi kitu. Kama kituo kingekuwa na utaratibu wa siri, kwa ridhaa ya aliyerudi, wa kuzifikisha habari za waliotekwa kwa familia zao, kijana angekuwa na kitu cha kuwapa majirani zake ambacho hakuna mtu mwingine anayeweza kuwapa. Nimelipendekeza jambo hili kwa mkuu wa kituo na amesema atalifikisha kwa wenzake.

Msamaha pia usichukuliwe kuwa wa kila kitu. Mahakama ya Juu ilikwisha kueleza mwaka 2015, katika shauri la Thomas Kwoyelo wa LRA, kwamba msamaha haufuniki ukatili dhidi ya raia, na mwaka 2024 Kwoyelo alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 40. Alikuwa ametekwa akiwa mtoto, na kesi ilichukua miaka mingi mno, lakini msingi wake ni sahihi. Kituo husema hivyo kwa kila anayeingia, na huandika kwamba amesema. Anayejua kwamba ameua wanafunzi au ametega bomu anaelezwa kwamba atasindikizwa na kutafutiwa wakili, na kwamba mahakama itamsubiri. Wapo wanaodhani ukweli huo utawafukuza watu. Mimi niliyoyaona ni kwamba unawafanya wengine waamini kila kitu kingine wanachoambiwa.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba aliyekwenda kupigana nchi ya nje angeachwa huko huko. Uingereza ilifanya hivyo kwa Shamima Begum, msichana wa London aliyeondoka akiwa na miaka 15 mwaka 2015, kwa kumvua uraia mwaka 2019 na kumwacha katika kambi ya Syria, mzigo kwa Wakurdi wa huko wasiohusika na malezi yake. Kazakhstan, nchi isiyo tajiri kama Uingereza, mwaka huo huo ilituma ndege kuwarudisha mamia ya raia wake, wengi wao wanawake na watoto, na wanaume waliokuwa na mashtaka wakapelekwa mahakamani. Katiba yetu ya mwaka 1995 haitoi nafasi ya kumvua uraia aliyezaliwa Mganda. Mtu huyo ni wetu akiwa Beni, akiwa Mogadishu na akiwa gerezani Luzira, na gharama ya kumpuuza hulipwa na watoto wa shule za mpakani.

Kwa hali ilivyo sasa, ninakipendekeza kituo hiki bila kusita kwa mzazi ambaye mtoto wake ameondoka au ameanza kuzungumza lugha ya kuondoka, na kwa aliyetoka ADF bila kuhusika na mauaji. Mwenye jamaa aliye Somalia au Syria aende pia, lakini azungumze na wakili kabla ya kumwambia jamaa yake apande gari. Mwanamke anayerudi na watoto abebe karatasi yoyote aliyo nayo, hata kadi ya zahanati ya Kongo, kwa kuwa imewahi kukubaliwa kama ushahidi wa umri wa mtoto. Aulize mapema, kwa simu ya imamu, ni siku gani mshauri yupo, kwa sababu siku za kwenda wilayani hubadilika bila taarifa. Ushauri ni bure na chai pia. Kinacholipiwa ni nguo ya kushonwa, na ni vizuri kwenda nayo.